Mfuasi Asiyelishwa Yamini

Walioandika habari za jamii za wahalifu wa New York aghalabu wameandika habari za wakubwa: Lucky Luciano, aliyezipanga jamii hizo upya mwaka 1931, Carlo Gambino, aliyefia nyumbani kwake mwaka 1976, na John Gotti, aliyependa suti nzuri na macho ya waandishi wa magazeti. Lakini dola yoyote, iwe ya haki au ya dhuluma, huendeshwa na watu ambao majina yao hayaandikwi mlangoni, na anayetaka kujua jinsi jamii hizo zilivyopata riziki yake, na jinsi zilivyokuja kudhoofika, hana budi kushuka daraja mpaka chini kabisa, kwa mtu ambaye si askari wala si ndugu, hakulishwa yamini, hana ruhusa ya kuketi barazani kwa wakubwa, na licha ya hayo yote kila siku hutoka kwenda kutafuta fedha ambayo fungu lake bora litapanda juu. Katika sura hii nitamfuata mmoja wao, Henry Hill wa Brooklyn, kwa kuwa maisha yake yalipita mbele ya mahakimu na yakaandikwa kwa urefu, hata mambo ambayo wengi wa hirimu yake walikwenda nayo kaburini, kwake yanasomeka waziwazi.

Jamii zenyewe ni tano, nazo ni Gambino, Genovese, Lucchese, Bonanno na Colombo. Kila moja ina mkuu, naibu na mshauri. Chini yao wako maakida, na kila akida ana kikosi cha askari. Askari ni mtu aliyekubaliwa rasmi: amechomwa kidole kikatoka damu, karatasi au picha ya mtakatifu imeunguzwa viganjani mwake, naye ameapa kwamba siku atakapofichua siri za jamii na aungue vivyo hivyo. Sherehe hiyo ilitangazwa hadharani mwaka 1963, pale Joseph Valachi, askari wa jamii ya Genovese, alipotoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, na watu wakasikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywa cha mwenye kiapo yale ambayo polisi walikuwa wakiyakisia tu. Kwa kanuni ya zamani hakuna aliyeweza kulishwa yamini hiyo ila mwenye nasaba ya Kitaliano, angalau kwa upande wa baba. Walio chini ya askari ni wafuasi, nao huwazidi askari kwa idadi: wezi wa malori, waandikishaji wa kamari, wanunuzi wa mali ya wizi, madereva, maofisa wa vyama vya wafanyakazi walionunuliwa, wenye vilabu vya pombe walioingia kwa deni na kushindwa kutoka. Jamii haiwahesabu kuwa watoto wake, lakini asilimia kubwa ya kazi inayohitaji mikono ni wao waifanyao.

Henry Hill alizaliwa mwaka 1943, akakulia mtaa wa Brownsville katika nyumba yenye watoto wengi na fedha chache. Mama yake alikuwa na asili ya Sicilia. Baba yake, fundi wa umeme, alikuwa Muayalandi. Hiyo ndiyo hukumu iliyotangulia maisha yake yote. Kama mambo yangekuwa kinyume, baba akawa Msicilia na mama Muayalandi, mlango ungaliweza kufunguka. Maadam mpangilio ulikuwa huo, damu ya mama haikumfaa kitu zaidi ya kumfanya akubalike jikoni na mezani. Jimmy Burke, aliyekuja kuwa mwalimu wake na rafiki yake, naye alikuwa Muayalandi, na ijapokuwa alikuwa na akili na ukatili uliowapita maaskari wengi, alikufa akiwa mfuasi kama alivyoanza.

Ng'ambo ya barabara kutoka nyumbani kwa akina Hill palikuwa na kituo cha teksi, mali ya ndugu zake Paul Vario, akida wa jamii ya Lucchese aliyetawala sehemu hiyo ya Brooklyn. Mwaka 1955 mtoto huyo, mwenye umri wa miaka 11 hivi, alianza kutumwa pale: kununua kahawa, kupeleka salamu, kusogeza magari ya wageni kabla miguu yake haijafika vema kwenye breki. Paul Vario hakupenda simu, kwa kuwa simu husikilizwa, hivyo maneno yake yalitembea kwa miguu ya watoto na kwa vinywa vya ndugu. Wenye kusema kwamba wahalifu huzaliwa wakiwa wahalifu wangefaa kulitazama jambo hili: mtoto alipata pale heshima asiyoipata shuleni, akaona mama mwenye duka akimwamkia kwa jina, na akaona polisi wa doria wakipokea bahasha na kwenda zao. Alipoanza kutoroka shule, barua ya mwalimu ilifika nyumbani na baba akampiga sana. Hill mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wakubwa wake walimkamata tarishi, wakamtishia kumtia kichwa ndani ya tanuri la piza, na tangu siku hiyo hakuna barua iliyofika tena kwa akina Hill, hata ya bili. Watazamaji wa Goodfellas, sinema iliyotokana na maisha yake, walicheka walipoyaona hayo, nami sishangai, maana yamesimuliwa kwa uchangamfu; lakini tusisahau kwamba tarishi yule alikuwa mtu wa mshahara mdogo, hana kosa, na kwamba kijana alijifunza siku ile kuwa mamlaka ya serikali hukomea pale mtu mmoja mnene anapokunja uso.

Akiwa na miaka 16 alikamatwa akitumia kadi ya mkopo iliyoibwa. Polisi walimhoji, naye hakuwataja waliomtuma. Alipotoka mahakamani alipokewa kwa vifijo na pongezi, kama mwari anayetolewa ukumbini. Aliyaamini mapokezi yale. Hakutambua, na kwa umri wake asingeliweza kutambua, kwamba walifurahi kwa usalama wao wenyewe, na kwamba hakuna aliyemwahidi kitu.

Hapa yafaa tueleze ni bidhaa gani hasa mfuasi huinunua kwa ushuru anaoutoa, maana watu hudhani analipa kwa hofu tu. Mwizi wa lori hawezi kumshtaki mwizi mwenzake. Mkopeshaji wa riba hawezi kwenda polisi kudai deni. Mwandikishaji wa kamari aliyedhulumiwa hana hakimu. Akida ndiye hakimu wao. Mfuasi aliye chini ya Paul Vario, akigombana na mfuasi wa akida mwingine, hasemi neno. Wakubwa wawili huketi, huzungumza, na huamua nani ana haki, na uamuzi wao hauna rufaa. Himaya hii ndiyo anayoilipia. Kwa upande wake akida haibi, habebi silaha, wala hamwambii mtu nenda kaibe pale. Hungoja tu, na kila anayefanikiwa chini yake humletea fungu. Mkono mtupu haulambwi, na katika ulimwengu ule mkono usioleta kitu kwa muda mrefu huanza kutazamwa kwa jicho baya, kwa kuwa mwenye mkono huo ama hafai tena, ama anaficha.

Fauka ya hayo, mfuasi hudhaminiwa. Mtu humtambulisha kwa wakubwa, na aliyemtambulisha hujibu kwa nafsi yake. Ushahidi mzito wa jambo hili ulionekana katika jamii ya Bonanno, ambako Joseph Pistone, mpelelezi wa FBI, aliishi tangu mwaka 1976 mpaka 1981 akijifanya mwizi wa vito aitwaye Donnie Brasco. Askari Benjamin Ruggiero alimfundisha adabu za daraja lile: umpishe nani, unyamaze wakati gani, ugawe nini na nani. Ilipofichuka kwamba mwanafunzi huyo alikuwa mtumishi wa serikali, akida Dominick Napolitano, aliyempokea kikosini mwake, aliuawa mwaka huo huo wa 1981. Ruggiero alisalimika kwa sababu FBI walimtia mbaroni kabla wenzake hawajamfikia.

Kazi ya mfuasi haina saa wala likizo. Hill aliuza sigara zilizoletwa kwa magendo kutoka majimbo ya kusini, ambako kodi ilikuwa ndogo. Aliuza mashati na vinywaji vilivyotoka kwenye malori ya wizi. Alishiriki hila ya kuingia ubia na mwenye kilabu cha pombe aliyeelemewa na madeni, kuagiza mali kwa mkopo kwa jina lake, kuitoa kwa mlango wa nyuma na kuiuza nusu ya bei, na mikopo ikikauka, kukiteketeza kilabu chenyewe kwa moto. Mgodi wao mkubwa ulikuwa uwanja wa ndege wa Idlewild, uliopewa jina la John F. Kennedy mwaka 1963. Shehena za ulimwengu mzima zilipita pale, na madereva na makarani wenye madeni ya kamari walikuwa tayari kunong'ona ni lori gani litatoka saa ngapi. Burke alipoliteka lori alichukua leseni ya dereva ili dereva ajue kwamba anuani yake inafahamika, kisha akamtilia dola 50 mfukoni. Kwa sababu hiyo walimwita muungwana. Nadhani ni heri kukumbuka kwamba muungwana huyo huyo alihofiwa na rafiki zake kuliko polisi.

Mwezi wa Aprili mwaka 1967 Hill alipata bahati iliyomwinua. Karani mmoja wa mizigo wa Air France aliwaonyesha Hill na wenzake njia ya kuingia katika chumba cha amana, nao wakatoka na dola 420,000 bila kufyatua risasi hata moja. Kwa masimulizi ya Hill mwenyewe, dola 120,000 kati ya hizo walizitoa kuwa ushuru kwa wakubwa, na Vario, ambaye hakusogea kitini pake, alipata sehemu yake kamili. Hakuna aliyenung'unika. Mfuasi aliyeleta fedha nyingi namna ile hakupandishwa cheo, maana hakuna cheo cha kupandishwa, ila alitazamwa kwa ukunjufu zaidi, akapewa nafasi ya karibu na meza. Na fedha zilizobaki? Zilikwenda kwenye mbio za farasi, kwenye karata, kwenye nguo na mahawara. Sijasoma habari za mfuasi hata mmoja wa kikosi kile aliyenunua shamba au kusomesha watoto kwa jasho la wizi ule. Fedha isiyo na hati haiwekwi benki kwa urahisi, na mwenye fedha kama ile hana budi kuitumia mbele ya wenzake ili waamini kwamba nyingine inakuja.

Tofauti ya mwenye yamini na asiye nayo ilidhihirika mwezi wa Juni mwaka 1970. William Bentvena, askari wa jamii ya Gambino aliyejulikana kwa jina la Billy Batts, alikuwa ametoka gerezani, na alimdhihaki Tommy DeSimone, mfuasi kijana mwenye hasira katika kikosi cha Vario. DeSimone na Burke walimpiga mtu huyo katika kilabu cha Hill huko Queens, wakamuua, na Hill akasaidia kumzika. Kumuua mtu aliyelishwa yamini bila idhini ya wakubwa ni dhambi isiyosameheka katika sheria yao. Kumuua mfuasi ni suala la kumwomba radhi bwana wake, au la kumlipa. Kwa miaka minane na zaidi siri hiyo ilitunzwa. Mwezi wa Januari mwaka 1979 DeSimone aliondoka na hakuonekana tena, na inaaminika kwamba watu wa Gambino ndio waliolipiza. Hill alisimulia kwamba DeSimone aliitwa kwa ahadi ya kupewa ule uaskari alioutamani maisha yake yote. DeSimone, tofauti na Hill, alikuwa na nasaba iliyotakiwa.

Mwaka 1972 Hill na Burke walitiwa hatiani kwa kumpiga mtu mmoja huko Tampa, jimbo la Florida, aliyekuwa akidaiwa fedha za kamari, na kila mmoja akahukumiwa miaka 10. Hill alitumikia sehemu kubwa ya kifungo hicho katika gereza la Lewisburg, Pennsylvania. Walioishi raha huko walikuwa na nyama, mvinyo na vitunguu saumu, na sinema imelionyesha jambo hilo kwa mapenzi makubwa. Haikuonyesha kwa kiasi hicho hicho habari za mkewe aliyebaki na watoto wadogo, akasimulia baadaye kwamba msaada wa jamii uliosifiwa sana haukufika mlangoni pake. Ndipo Hill alipoanza kuuza madawa ya kulevya gerezani ili aweze kuishi, na alipotoka mwaka 1978 aliiendeleza biashara hiyo ijapokuwa Vario alimkataza waziwazi. Katazo lile halikutoka katika huruma kwa watumiaji wa madawa hayo. Sheria ya jimbo la New York ya mwaka 1973 ilikuwa imeweka adhabu zinazofika kifungo cha maisha kwa wauzaji wakubwa, na wakubwa walijua kwamba anayetazama kifungo cha maisha huanza kufikiri nani anaweza kumtoa.

Kisha ukaja usiku wa Lufthansa. Tarehe 11 Desemba 1978 watu waliojifunika nyuso waliingia katika jengo la mizigo la shirika hilo uwanjani Kennedy, wakatoka na takriban dola milioni 5 taslimu na vito vya thamani ya takriban dola 875,000, wizi wa fedha taslimu uliokuwa mkubwa kuliko wowote uliopata kutokea Marekani. Habari za fedha hizo zilitoka kwa Louis Werner, mfanyakazi wa Lufthansa aliyezama katika madeni ya kamari. Werner alimwambia mwandikishaji wake Martin Krugman, Krugman akamwambia Hill, na Hill akamfikishia Burke. Tazama jinsi ngazi ilivyopandwa, kutoka kwa karani mpaka kwa mfuasi mpaka kwa mfuasi mkubwa, ambaye naye alipeleka mafungu kwa maakida.

Ngazi ile ile ilishukwa kwa mauaji. Parnell Edwards, mpiga gitaa mweusi aliyekuwa akiwafanyia kazi, aliagizwa kuliangamiza gari lililotumika. Hakuliangamiza, polisi wakalikuta na alama za vidole, na wiki moja baada ya wizi Edwards akapigwa risasi nyumbani kwake. Krugman, aliyekuwa akidai haki yake kwa sauti iliyozidi, alitoweka Januari. Wengine walifuata, mmoja baada ya mmoja. Katika hesabu ya Burke, kila mfuasi aliyekufa alikuwa fungu lisilogawiwa na shahidi asiyesema, na kwa kuwa hakuna miongoni mwao aliyelishwa yamini, hapakuwa na baraza la kumwuliza kwa nini.

Hill aliihesabu hesabu hiyo naye. Alipokamatwa kwa madawa ya kulevya mwezi wa Aprili mwaka 1980, aliona kwamba Vario atamwona muasi na Burke atamwona shahidi, na kwamba kutoka kwa dhamana ni kutoka kwenda machinjioni. Mwendesha mashtaka Edward McDonald, aliyekuwa akiongoza kikosi cha serikali kuu dhidi ya wahalifu huko Brooklyn, alimtolea njia moja tu: aseme yote, naye na mkewe na watoto wapewe majina mengine mahali pengine, chini ya mpango wa kuwalinda mashahidi uliowekwa na sheria ya mwaka 1970.

Alisema. Wapo waliomwita msaliti, na kwa tabia zake sitamtetea, maana hakuyasema kwa toba bali kwa hofu. Lakini jambo la usaliti lina mizani yake. Jamii ya Lucchese ilimtumia tangu utotoni, ikapokea ushuru wake kwa miaka 25, ikamnyima kiapo kwa sababu ya kabila la baba yake, na bado ikamtaka aihifadhi kama aliyeapa. Walimweka kizingitini ili asiwadai kitu. Na mtu wa kizingitini husikia ya ndani yote. Wakubwa waliogopa daima askari atakayevunja yamini, wakasahau kuwahesabu mamia waliowazunguka ambao hawakuwa na yamini ya kuvunja.

Inakadiriwa kwamba ushahidi wake ulileta hukumu 50 hivi. Burke alifungwa mwaka 1982 kwa njama ya kuwahonga wachezaji wa mpira wa kikapu wa Boston College, kisha akahukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji, akafa mwaka 1996 akiwa bado mfungwa. Habari ya Vario ina ladha ya pekee: kesi ya kwanza iliyomwangusha kwa ushahidi huo, mwaka 1984, ilikuwa ya kumtafutia Hill kazi ya uwongo ili aruhusiwe kutoka gerezani, yaani alifungwa kwa hisani moja aliyomfanyia mfuasi wake. Baadaye akahukumiwa miaka 10 mingine kwa kuyanyang'anya makampuni ya mizigo ya uwanja wa ndege, akafa gerezani huko Texas mwaka 1988.

Hill hakutulia katika majina mapya aliyopewa. Alikunywa, akakamatwa tena kwa madawa, akaondolewa katika ulinzi wa serikali. Kitabu cha Nicholas Pileggi juu yake, kilichoitwa Wiseguy, kilizua kesi iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1991 mahakama hiyo ikaibatilisha sheria ya New York iliyozuia wahalifu kunufaika na masimulizi ya makosa yao. Mwaka mmoja kabla ya hapo Martin Scorsese alikuwa amekwisha kumfanya mashuhuri duniani kwa sinema ya Goodfellas. Hill alikufa Los Angeles mwezi wa Juni mwaka 2012, siku moja baada ya kutimiza miaka 69.

Fedha za Lufthansa nyingi hazijapatikana mpaka leo. Mwaka 2014 Vincent Asaro wa jamii ya Bonanno alishtakiwa kuwa alishiriki, jamaa yake akatoa ushahidi dhidi yake, na mwaka 2015 baraza la wazee wa mahakama likamwachilia. Katika wizi huo wote mtu mmoja tu aliyepata kutiwa hatiani ni Louis Werner, karani wa mizigo, ambaye hakuwa akida, wala askari, wala hata mfuasi.